Gustav Fechner na Mizani ya Hisi

Miongoni mwa wataalamu waliojaribu kuchunguza jinsi binadamu anavyoona, anavyosikia na anavyotambua uzito wa kitu mkononi mwake, jina la Gustav Theodor Fechner hutajwa mapema. Hata hivyo, wengi wanaolitaja hutosheka na mlinganyo mmoja wa kihisabati unaobeba jina hilo, kisha wakapita. Mlinganyo huo ni sehemu ndogo tu ya maisha ya mja huyu. Fechner alikuwa mtunzi wa vitendawili, mwandishi wa tashtiti, mfasiri wa vitabu kwa ajili ya riziki, na profesa wa fizikia aliyeyaharibu macho yake kwa kulitazama jua. Zaidi ya hayo, kwa muda wa miaka mitatu alikuwa mtu aliyeshindwa kuyatawala mawazo yake mwenyewe. Si rahisi kuelewa kwa nini alitaka kupima kile ambacho wenzake waliamini hakipimiki, pasi na kuipitia kwanza miaka hiyo ya giza.

Alizaliwa tarehe 19 Aprili mwaka wa 1801 katika kijiji cha Groß Särchen, eneo la Lusatia, ambalo zama hizo lilikuwa chini ya watawala wa Saxony. Kijiji hicho sasa kimo nchini Poland na huitwa Żarki Wielkie. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri, mtu wa imani thabiti ambaye hata hivyo hakuiogopa sayansi. Husimuliwa kwamba ndiye aliyeweka fimbo ya chuma ya kukinga radi juu ya mnara wa kanisa lake, jambo lililowashangaza waumini walioona kwamba Mungu angeilinda nyumba yake mwenyewe. Aidha, alikuwa akihubiri bila kuvaa nywele za bandia walizozizoea wachungaji wa wakati huo, na alipoulizwa alijitetea kwa kusema kuwa hata Yesu hakuvaa. Mwana alirithi yote mawili, imani na ukaidi huo wenye mzaha. Hakurithi mali. Baba alifariki mwaka wa 1806, mtoto akiwa na umri wa miaka mitano, naye Gustav akalelewa kwa miaka kadhaa na mjomba wake aliyekuwa pia mchungaji.

Mwaka wa 1817, akiwa na miaka 16, Fechner alijiunga na Chuo Kikuu cha Leipzig kusomea utabibu. Mji huo hakuuhama tena maishani. Alihitimu masomo yake, lakini hakuwahi kuwa tabibu, kwa kuwa aliyoyaona katika tiba ya siku hizo hayakumridhisha. Badala ya kulalamika, alicheka. Mnamo mwaka wa 1821, chini ya jina la uandishi la Dakta Mises, alichapisha kijitabu kilichodai kuthibitisha kwamba mwezi umeundwa kwa iodini. Shabaha ya kijitabu hicho ilikuwa matabibu walioanza kuisifu iodini kuwa dawa ya kila ugonjwa. Miaka minne baadaye, Dakta Mises huyo huyo aliandika juu ya maumbile ya malaika, akahoji kwa utaratibu wa kitaalamu kabisa kwamba, kwa kuwa malaika ni viumbe kamilifu na umbo kamilifu kuliko yote ni tufe, basi malaika wana umbo la mpira. Msomaji wa tashtiti ataitambua mbinu hiyo mara moja: kuuchukua mtindo wa wasomi, kuufuata hatua kwa hatua bila kutabasamu, na kuufikisha mahali ambapo unajiaibisha wenyewe. Ajabu ni kwamba mzaha huo ulikuwa na mbegu ya jambo ambalo Fechner alikuja kuliamini kwa dhati. Katika uzee wake alishikilia kwamba nyota na sayari zina uhai na nafsi.

Tashtiti haimjazi mtu tumbo. Fechner alijikimu kwa kufasiri vitabu vya Kifaransa kwa Kijerumani, hasa vitabu vya fizikia vya Jean-Baptiste Biot na vya kemia vya Louis Jacques Thénard. Alifasiri maelfu ya kurasa, na kazi hiyo ya kuajiriwa na wachapishaji ikamfanya mwanafizikia, kwani si rahisi kuifasiri sayansi usiyoielewa. Alianza kufanya majaribio yake mwenyewe juu ya mkondo wa umeme, na mwaka wa 1831 akachapisha vipimo vilivyoiunga mkono kanuni ya Georg Ohm wakati ambapo kanuni hiyo bado ilikuwa ikitiliwa shaka. Mwaka wa 1833 alimwoa Clara Volkmann, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa profesa wa fizikia mjini Leipzig. Hapo mtu angetarajia mfasiri huyo apumzike. Hakupumzika. Alikubali kuihariri ensaiklopidia ya mambo ya nyumbani yenye majuzuu manane, na takriban theluthi moja ya makala yake akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hadi kufikia mwaka wa 1838, alipoikamilisha, alikuwa amechoka mno.

Ni katika hali hiyo ya uchovu ndipo alipoanza kuyachunguza macho. Kila mtu aliyewahi kulitazama taa kali kisha akafumba macho anajua kwamba sura ya taa hubaki kwa muda, ikibadilika rangi na kufifia. Fechner alitaka kuzijua kanuni za masalio hayo ya nuru: hudumu kwa muda gani, hubadilika kwa mpangilio upi, hutegemea nini. Macho aliyoyafanyia majaribio yalikuwa yake, na nuru aliyoitumia ilikuwa ya jua lenyewe, akilitazama kupitia vioo vya rangi. Majaribio hayo yalizaa makala muhimu kati ya mwaka wa 1838 na 1840. Yalizaa pia maradhi. Macho yake yalianza kukataa mwanga. Kufikia mwaka wa 1840 hakuweza tena kusoma wala kufundisha, na kiti chake cha uprofesa hatimaye kikachukuliwa na Wilhelm Weber, mwanafizikia aliyekuwa amefutwa kazi huko Göttingen kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Chuo kilimpa Fechner pensheni ndogo. Alikuwa na umri wa takriban miaka 40, na kwa wengi wa marafiki zake, maisha yake ya usomi yalikuwa yamekwisha.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo kitovu cha habari hii. Fechner alikaa katika chumba chenye giza, macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa. Clara alimsomea vitabu, lakini punde hata kusomewa kukawa mzigo, kwa sababu kichwa hakikuweza kuyafuata maneno. Tumbo nalo liligoma. Alikataa chakula hadi akakonda akawa kama kiunzi cha mifupa. Kilichomwokoa na njaa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kisa kinachofanana na ngano. Mwanamke mmoja aliyeifahamu familia hiyo aliota ndoto akimwandalia chakula fulani, nyama mbichi ya paja la nguruwe iliyotiwa viungo vikali, divai na maji ya limau. Alipoamka alikitengeneza na kukipeleka. Mgonjwa alionja kwa kusitasita, tumbo likakipokea, na kuanzia siku hiyo akarejewa na nguvu kidogo kidogo.

Njaa, hata hivyo, haikuwa adui mkubwa kuliko wote. Katika maelezo aliyoyaacha kuhusu ugonjwa huo, Fechner alieleza vita dhidi ya mawazo yake. Alihisi kana kwamba nafsi yake imegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulikuwa yeye mwenyewe, na upande wa pili ulikuwa mawazo yaliyomiminika yenyewe bila kuitwa na bila kukoma, yakimvuta yatakako. Alijiona kama mpanda farasi aliyetupwa na farasi wake na ambaye sasa anajaribu kumtia hatamu upya. Saa baada ya saa, siku baada ya siku, alijifunza kuukataza ufahamu wake usiliendee wazo fulani, na kuurejesha ulipotoroka. Kazi ndogondogo za mikono, zile zisizohitaji macho, zilimsaidia. Watafiti wa sasa huiita mada hiyo umakini, na huifanyia majaribio katika maabara yenye mitambo ya kila aina. Fechner aliijua kwanza kama mgonjwa anayeijua pumzi anapoanza kuikosa.

Afueni ilikuja ghafla mwezi wa Oktoba mwaka wa 1843. Alikifungua kitambaa, akatoka chumbani akaingia bustanini. Maua aliyoyaona siku hiyo yalimwonekania kana kwamba yanatoa nuru kutoka ndani yao, kana kwamba kila moja lina nafsi inayotaka kujitokeza nje. Msomaji mwenye shaka atasema kwamba macho yaliyokaa gizani kwa miaka mitatu yangeona mng'aro hata katika jiwe, na pengine hatakuwa amekosea. Fechner hakuliona jambo hilo hivyo. Mnamo mwaka wa 1848 alichapisha kitabu kiitwacho Nanna, kwa jina la mungu wa kike wa ngano za Kaskazini ya Ulaya, akitetea kwamba mimea ina maisha ya nafsi. Wanasayansi walikidharau. Zama zilikuwa zimebadilika. Wasomi vijana wa Ujerumani walikuwa wakielekea kwenye falsafa ya uyakinifu iliyodai kwamba kilichopo ni maada tu, na kwamba nafsi ni neno la wahubiri. Fechner aliuita mtazamo huo mtazamo wa usiku. Wake, ambao ndani yake ulimwengu wote una uhai na fahamu, aliuita mtazamo wa mchana. Si ajabu kwamba mtu aliyeishi gizani kwa miaka mitatu alichagua majina hayo.

Swali lililomkabili lilikuwa hili: ikiwa nafsi na mwili ni pande mbili za kitu kimoja, je, uhusiano wa pande hizo unaweza kuonyeshwa kwa namna ambayo hata mpinzani ataikubali? Mahubiri hayakutosha. Tashtiti haikutosha. Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba mwaka wa 1850, akiwa bado kitandani, wazo lilimjia. Huenda hisi haiongezeki kwa kiwango kilekile ambacho kichocheo chake kinaongezeka. Huenda nyongeza katika hisi inategemea uwiano kati ya kile kilichoongezwa na kile kilichokuwapo tayari. Wazo hilo aliliingiza mwaka uliofuata katika kitabu chake cha falsafa kiitwacho Zend-Avesta, ambamo lilipotea katikati ya mijadala juu ya mbingu na maisha ya baada ya kifo. Yamkini hakuna mwanasayansi aliyewahi kuuficha uvumbuzi wake vizuri kuliko hivyo.

Wazo lenyewe si gumu. Mshumaa mmoja ukiwashwa katika chumba chenye giza, tofauti ni kubwa mno. Mshumaa huo huo ukiwashwa katika ukumbi wenye mishumaa 100, hakuna atakayegutuka. Nuru iliyoongezwa ni ileile, lakini jicho haliihesabu vilevile. Ernst Heinrich Weber, ndugu yake Wilhelm na mwalimu wa maumbile ya mwili katika chuo hicho hicho cha Leipzig, alikuwa amekwisha kulionyesha jambo hilo kwa mizigo tangu mwaka wa 1834. Tuseme mtu anaweza kutofautisha kwa shida gramu 40 na gramu 41. Mtu huyo akipewa gramu 80, nyongeza ya gramu moja haitamtosha. Atahitaji mbili ili aitambue tofauti. Kinachobaki bila kubadilika ni uwiano. Weber ndiye pia aliyeigusa ngozi za watu kwa ncha mbili za bikari na kugundua kwamba kwenye ncha ya kidole mtu hutambua kuwa ni ncha mbili hata zinapokaribiana sana, ilhali mgongoni huzihisi kama moja hata zikiwa mbali.

Weber aliishia hapo. Fechner alichukua hatua ambayo wengi waliiona kuwa ya kijasiri na wengine wakaiona kuwa ya kijinga. Alichukulia kwamba kila tofauti ndogo kabisa inayoweza kutambulika ni sawa na nyingine, basi inaweza kuwa kipimo cha hisi, kama vile inchi ilivyo kipimo cha urefu. Ukianzia kwenye kizingiti, yaani pale ambapo kichocheo kinaanza tu kutambulika, na ukahesabu hatua hizo moja baada ya nyingine, utakuwa umeipima hisi. Matokeo yake ni kwamba ili hisi ipande kwa kujumlisha hatua moja moja, kichocheo hakina budi kupanda kwa kuzidishwa. Hilo ndilo linaloelezwa na mlinganyo wake wa logarithimu. Fechner alifurahi kuona kwamba wanaanga walikuwa wameishi na kanuni hiyo tangu kale bila kuijua. Madaraja sita ya mng'aro wa nyota yaliyopangwa kwa macho matupu, kila moja likionekana kuachana na jingine kwa hatua sawa, yalipopimwa kwa vyombo yalionyesha kwamba nuru halisi huzidishwa kutoka daraja moja hadi jingine.

Miaka kumi ilipita kati ya asubuhi ile ya kitandani na kuchapishwa kwa kitabu chake kikuu, Elemente der Psychophysik, mwaka wa 1860. Miaka hiyo ilikuwa ya kunyanyua vitu vizito. Fechner alitumia mizigo ya kuanzia gramu 300 hadi gramu 3,000, akiongeza kila mara sehemu ndogo ya uzito kwenye mmoja wa mizigo miwili, kisha akiinyanyua yote miwili na kuamua ni upi mzito zaidi. Mnyanyuaji alikuwa yeye, mwamuzi yeye, karani yeye. Alirudia ulinganishaji huo makumi ya maelfu ya mara. Katika kurudia huko aligundua kwamba majibu ya binadamu hayatetereki ovyo. Mpangilio wa mizigo uliathiri uamuzi, mzigo ulionyanyuliwa kwanza haukuhisiwa sawa na wa pili, na wa mkono wa kushoto haukuhisiwa sawa na wa kulia. Badala ya kuyatupa makosa hayo, aliyapanga majaribio kwa zamu ili kosa la upande mmoja likutane na kosa la upande wa pili, kisha akayapima makosa yenyewe. Mtafiti anayebadilisha mpangilio wa maswali ya hojaji ili swali la kwanza lisiharibu la pili, anafuata nyayo hizo hata kama hajawahi kulisikia jina la Fechner.

Kiswahili kina bahati ya kutumia neno moja, mizani, kwa chombo cha kupimia uzito na kwa silabi za mshororo wa shairi. Mshairi anayehesabu mizani anajua kwamba sikio litaukamata mshororo uliopungua silabi moja, ingawa halitaweza kueleza lilivyojua. Fechner alikuwa akiyatafuta mambo ya aina hiyo: si kile mtu anachosema kuhusu hisi zake, bali pale ambapo hisi zake zinaitambua tofauti na pale zinaposhindwa.

Elemente haina mizigo peke yake. Katika juzuu ya pili Fechner aliingia ndani zaidi, akazungumzia usingizi, ndoto, kumbukumbu na umakini. Hapo ndipo msomaji anayekijua chumba kile chenye giza atakapomtambua mgonjwa wa zamani. Fechner alieleza kwamba mtu anapouhamisha umakini wake kutoka kwa kitu anachokiona hadi kwa kitu anachokisikia, huhisi mkazo ukihama kutoka machoni hadi masikioni. Anapojaribu kukumbuka jambo au kujenga taswira akilini, mkazo huo huonekana kujiondoa katika viungo vya hisi na kurudi nyuma ndani ya kichwa. Alieleza pia kwamba jambo lililopita mbele ya hisi bila kuangaliwa linaweza, kwa kitambo kifupi, kurudishwa na kuangaliwa kama kwamba lingalipo. Watu wengi huujua ukweli huo bila kuufikiria: msomaji aliyezama kitabuni huitwa, hajibu, kisha baada ya kitambo husikia kwamba ameitwa. Kipande hicho cha kitabu hakina mlinganyo wala jedwali. Kina uangalifu wa mtu aliyelazimika kulichunga kila wazo lake kama mchungaji wa mbuzi wakaidi.

Kitabu hakikusomwa na wengi, lakini kilisomwa na watu waliofaa. Wilhelm Wundt alikisoma, na mwaka wa 1879 akaanzisha maabara ya saikolojia ya majaribio katika chuo hicho hicho cha Leipzig. Husimuliwa kwamba Hermann Ebbinghaus alikiokota katika duka la vitabu vikuukuu mjini Paris, naye akapata hapo ari ya kuipima kumbukumbu kwa njia ile ile ambayo Fechner aliipimia hisi. Sigmund Freud aliazima kutoka humo dhana kwamba ndoto huchezwa kwenye jukwaa tofauti na lile la maisha ya kukesha. Wapinzani nao hawakukosekana. William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka wa 1890, alimdhihaki Fechner kama mzee mwema aliyepoteza subira yake kwa jambo lisilozaa tunda lolote. Wengine walisema kwamba hisi ya nuru kali si rundo la hisi za nuru hafifu zilizojumlishwa, kwa hivyo kuzihesabu hakuna maana. Hoja hiyo ni nzito na haijafutika. Fechner aliijibu kwa mzaha wa Dakta Mises mwaka wa 1877: jengo lake, alidai, litaendelea kusimama kwa sababu wanaotaka kulibomoa hawawezi kupatana jinsi ya kulibomoa.

Kwa wanafunzi wa fasihi, huenda kilicho karibu zaidi ni kazi za uzeeni mwake. Fechner aliona kwamba wanafalsafa walikuwa wakiujadili ujumi kutoka juu, wakianza na dhana kuu ya uzuri na kushuka hadi kwenye kazi za sanaa. Yeye alipendekeza uanze kutoka chini, kwa watu halisi na yale yanayowapendeza. Aliwawekea mamia ya watu mistatili kumi yenye eneo sawa lakini uwiano tofauti wa urefu na upana, akawauliza ni upi unaowapendeza zaidi. Zaidi ya theluthi moja walichagua ule wenye uwiano uliosifiwa tangu zamani na wasanifu, takriban 21 kwa 34. Majaribio ya watafiti wa baadaye hayakukubaliana naye wakati wote. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa katika namna mpya.

Jaribio lake jingine lilishindwa, na kushindwa kwake kunafundisha zaidi. Mwaka wa 1871 picha mbili za Bikira Maria zilizodaiwa kuwa za mchoraji Hans Holbein zilionyeshwa pamoja mjini Dresden, na wataalamu wakazozana ni ipi iliyo halisi. Fechner aliweka kitabu karibu na picha hizo akiwaomba watazamaji waandike ni ipi wanayoiona kuwa nzuri zaidi. Waliopita walikuwa zaidi ya 11,000. Walioandika walikuwa 113, na wengi wao ama hawakufuata maelekezo ama walikuwa wataalamu waliokwisha kuwa na upande. Matumaini ya kuipima ladha ya umma yakaishia katika kurasa chache zisizofaa. Fechner aliyachapisha matokeo hayo bila kuficha, kisha mwaka wa 1876 akatoa kitabu chake kikubwa cha ujumi.

Macho yake hayakupona kabisa; katika uzee alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Aliendelea kuandika. Kitabu chake cha mwaka wa 1879 kiliulinganisha kwa mara nyingine mtazamo wa mchana na ule wa usiku, na hakikupata wasomaji wengi. Alikuwa amekubali, yaelekea, kwamba watu watakichukua kipimo chake na kuiacha falsafa iliyokizaa. James pekee, miaka mingi baada ya dhihaka zake, alirudi nyuma, na katika mihadhara aliyoichapisha mwaka wa 1909 akamsifu Fechner mwanafalsafa kwa moyo wote. Wakati huo mwenyewe hakuwapo kusikia. Alikuwa amefariki mjini Leipzig tarehe 18 Novemba mwaka wa 1887, akiwa na umri wa miaka 86, na Wundt ndiye aliyehutubu katika mazishi yake. Clara, aliyemsomea vitabu gizani na ambaye mwenyewe alikuwa ameandika hadithi za watoto, alibaki mjane.

Mlinganyo wake haukubaki salama. Katikati ya karne ya 20, Stanley Smith Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba hisi nyingi hufuata kanuni tofauti na ile ya Fechner, na kwamba nyingine, kama vile mshtuko wa umeme, hupanda kwa kasi kuliko kichocheo chenyewe. Mbinu za kupimia zimedumu zaidi. Mgonjwa anapoketi katika chumba kisichopenyeza kelele, akavalishwa vipokea sauti masikioni na kuagizwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, na mpimaji akaupunguza mlio huo hatua kwa hatua hadi usikike kwa shida, kisha hadi usisikike, kinachotafutwa ni kizingiti kile kile, kwa njia iliyotokana na mojawapo ya zile zilizofafanuliwa mwaka wa 1860. Na desibeli, kipimo kinachoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa huyo, hupanda kwa logarithimu.